Msiondoke Kabla ya Gari la Mwisho

Kila mbio za magari zinapopita kwenye barabara ya udongo nchini Kenya, umati hufanya jambo lile lile. Watu hufika mapema, wakatafuta kichuguu, mti au ukingo ulioinuka, wakangoja. Magari matano au sita ya mbele yanapita kwa kishindo, vumbi linatanda, na kabla halijatua nusu ya watu wamekwisha kuwasha pikipiki zao kurudi nyumbani, ingawa magari mengine ishirini bado yako njiani. Aliyekuja kumwona bingwa amemwona, basi. Nasema kwamba huyo anayeondoka ameondoka mchezo ukiwa katikati, na kwamba lawama si yake peke yake: wenye fedha, wanahabari na waandaaji wamemzoesha hivyo kwa miaka mingi. Mbio za barabarani zina kitu ambacho mpira wa miguu hauna. Hakuna siku mshambuliaji wa Ulaya na kijana wa timu ya mtaa watapiga penalti ile ile, kwenye lango lile lile, mbele ya mashabiki wale wale. Katika mbio za magari, dereva wa kulipwa na dereva wa ridhaa hupita kona moja, siku moja, wakipimwa kwa saa moja. Mtazamaji aliyesimama penye kona hiyo anapewa mizani ambayo michezo mingi haiwezi kumpa, lakini akiondoka baada ya gari la sita, mizani hiyo inabaki na upande mmoja tu.

Hoja hii huonekana vizuri zaidi ukiitazama kutoka mahali kama Makwasinyi kuliko kutoka Naivasha. Makwasinyi ni mojawapo ya vijiji vilivyozunguka Mlima Kasigau, katika eneo bunge la Voi. Kuufikia upande huo, unaiacha barabara kuu ya Mombasa na Nairobi pale Maungu na kushika njia ya udongo mwekundu inayokatiza ranchi hadi chini ya mlima, ambao kilele chake kinapita mita 1,600. Kaunti ya Taita Taveta imezungukwa na mbuga. Takriban asilimia 62 ya ardhi yake iko ndani ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na Kasigau iko katikati, kwenye mapito ya ndovu. Njia za huku zina kila tabia ambayo dereva anaweza kuitaka au kuiogopa: changarawe iliyolegea, mchanga wa makorongo makavu, mawe yaliyochomoza, mifereji iliyochimbwa na mvua ya Novemba. Kwa mkazi wa huku, duru ya dunia ya Safari Rally inayofanyika Naivasha ni jambo la runinga. Kutoka Voi hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 300, kisha ashuke Bonde la Ufa, alale, ale, arudi. Kinachoweza kumfikia yeye ni mbio za ubingwa wa taifa, ambazo zimewahi kuletwa Voi, na mbio za magari ya kale za East African Safari Classic, zilizoanza mwaka 2003 na ambazo zimepita Taita mara kadhaa. Zote mbili hutegemea watu wanaojilipia wenyewe. Kwa maneno mengine, Taita Taveta mbio za magari ni mbio za ridhaa, na zikifa hizo hakuna nyingine zitakazokuja kuchukua nafasi yake.

Hata Safari yenyewe ilizaliwa na watu wa ridhaa, tena kwa sababu ya kuchoshwa na mbio za kuzunguka uwanjani. Inasimuliwa kwamba Eric Cecil, mmoja wa waasisi wake, alipoalikwa kushiriki mbio za kuzunguka alikataa kwa kuwa hakuona raha ya kupita kipande kile kile cha barabara tena na tena. Lakini kama watu wangetoka mlangoni, wavuke nusu ya Afrika na kurudi, wa kwanza kufika awe mshindi, hapo angekuwamo. Mwaka 1953, kwa kisingizio cha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, wazo hilo likawa mashindano yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Waliojitokeza walikuwa wakulima, wafanyabiashara na mafundi wa gereji, wakiendesha magari ya kawaida ya dukani, na magari hayo yalipangwa katika madaraja kwa bei yake wala si kwa ukubwa wa injini. Utaratibu huo wa bei una maana kubwa kuliko unavyoonekana. Ulimwambia mtazamaji wa kando ya njia kwamba anachokiona ni gari ambalo daktari wa wilaya au mwenye duka la jumla angeweza kulinunua, na kwamba swali la siku ni nani atalifikisha nyumbani.

Viwanda vya ng'ambo vilipoanza kuja na fedha, havikupata mteremko. Mwaka 1964 Ford ya Marekani ilileta kikosi cha Mercury Comet, magari makubwa yenye nguvu nyingi na mafundi wengi nyuma yake, na ni mawili tu yaliyofika mwisho, tena mbali na mshindi. Ushindi ulikwenda kwa Peter Hughes, mkazi wa Kenya, akiwa na Ford Cortina. Mwaka uliofuata Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyewahi kuajiriwa na chama cha wenye magari kuwaokoa madereva waliokwama barabarani, alishinda pamoja na nduguye Jaswant katika Volvo PV544 iliyokwisha kutumika mwaka uliotangulia. Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda kwa Peugeot 404 mwaka 1963 na tena mwaka 1968, na katika miaka yote miwili ni magari 7 tu yaliyomaliza. Hakuna dereva kutoka ng'ambo aliyeshinda hadi mwaka 1972, alipokuja Hannu Mikkola wa Finland na Ford Escort. Kwa takriban miaka 20, basi, watu wa mashambani na gerejini waliwashinda wenye viwanda kwenye barabara zao. Na watu wa Voi na Milima ya Taita hawakuhadithiwa hayo na redio peke yake, kwa kuwa katika miaka mingi njia ilishuka hadi Mombasa na magari yalipita karibu na milango yao.

Sababu za ushindi huo zinajulikana. Njia ilikuwa ndefu, zaidi ya kilomita 5,000 katika miaka mingi, ilikuwa wazi kwa magari mengine na mifugo, na Pasaka, wakati wa mbio hizo, ni msimu wa mvua. Aliyelijua tope la Taru, mahali pa kuvukia korongo, na nyumba ya kuomba msaada saa nane za usiku alikuwa na kitu ambacho injini haikununua. Lakini viwanda vilijifunza. Vilianza kuja majuma kadhaa mapema, vikaleta magari ya vipuri na helikopta za kutangulia hewani kuangalia wanyama na malori, vikawaajiri wenyeji hodari kabisa. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda na kushinda mara 5, mwaka 1973 na mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, ni mfano wa dereva aliyelelewa na barabara hizi kisha akawa mwajiriwa wa viwanda. Mwaka 1994 Ian Duncan alishinda na Toyota Celica, na Patrick Njiru akawa wa 4 na Subaru Impreza. Tangu hapo Mkenya hajashinda Safari iliyo katika ubingwa wa dunia. Iliporudi kwenye ubingwa huo mwaka 2021 baada ya kutoka mwaka 2002, ilikuwa na kilomita 320 hivi za mashindano, kwenye barabara zilizofungwa, ambazo kila dereva amezikagua na kuziandikia maelezo kabla ya kuanza. Sebastien Ogier alimshinda Takamoto Katsuta kwa sekunde 21.8. Wenyeji wa kwanza, Onkar Rai, Karan Patel na Carl Tundo, walishika nafasi ya 7, 8 na 9, na si vibaya, ila walisogea huko juu kwa kuwa magari mengi ya viwanda yalivunjika.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapokaa, nalo ni zito. Ikiwa ujuzi wa njia hauna tena thamani yake ya zamani, na mwenyeji hawezi kushinda, kwa nini mtu aketi juani saa tatu kumngoja? Watu huja kuona kasi, na kasi iko mbele. Jibu langu ni kwamba jicho la binadamu ni kipimo kibovu cha kasi likiwa peke yake. Gari la kwanza linapopita kwenye kona likiwa limelala ubavu kidogo na mawe yakiruka, mtazamaji anaona fujo; hajui kama hiyo ni kasi kubwa sana au ya kawaida, kwa kuwa hana cha kulinganisha nacho. Maana ya alichokiona humjia nusu saa baadaye, Subaru ya zamani ya dereva wa ridhaa inapofika kona ile ile. Hapo ndipo anapoona kwamba dereva wa kulipwa alikuwa amekwisha kulielekeza gari kabla ya kona kuanza, kwamba alikanyaga breki huku akiwa bado anakanyaga mafuta ili uzito uegemee magurudumu ya mbele, kwamba hakugusa usukani zaidi ya mara moja. Dereva wa ridhaa anafika, anaachia mafuta mapema, anausahihisha usukani mara tatu, anatoka upande wa nje akiwa na shaka. Tofauti ni sekunde mbili au tatu pale penye kona, na sekunde hizo ndizo zinazoitwa ustadi. Bila wa pili, wa kwanza ni kelele na vumbi tu.

Na mtazamaji wa Makwasinyi si mgeni katika hesabu hiyo. Mwenyewe hupita kona hiyo kwa bodaboda akiwa amebeba gunia, au ndani ya Probox iliyojaa kupita kiasi, na anajua jiwe lililofichwa na nyasi liko upande gani. Hakuna mtangazaji wa runinga mwenye ujuzi huo. Anapomwona dereva wa ridhaa akikwepa jiwe na mwingine akiligonga, anasoma akili ya mtu, kwa kuwa anajua ni kipi kingeonekana kutoka kwenye usukani na ni kipi kilihitaji kukumbukwa. Mtu wa ridhaa pia anabeba mzigo ambao wa kulipwa hana: gari ni lake, springi na shokamzoba amezilipia mwenyewe, Jumatatu ana kazi. Kila mara anapoachia mafuta, ujue amepiga hesabu ya fedha na ya shingo yake. Kwa maoni yangu hilo ni tamasha la kibinadamu kuliko ukamilifu wa bingwa, japo sitamlaumu anayependa ukamilifu. Ninachokataa ni kwamba vitu hivyo viwili vitenganishwe.

Si sisi tu tunaoweza kuliona hili. Mbio za saa 24 za Le Mans nchini Ufaransa, zilizoanza mwaka 1923 na ambazo ndizo mbio maarufu kuliko zote za magari ya michezo, zimeufanya mchanganyiko huo kuwa sheria. Shirikisho la kimataifa la magari hupanga madereva katika ngazi nne: platinamu, dhahabu, fedha na shaba, na shaba ni ya watu wa ridhaa, wengi wao wenye biashara zao. Katika daraja la magari yanayofanana na ya dukani, kila gari lazima liwe na dereva wa shaba miongoni mwa watatu wake, naye lazima ashike usukani kwa muda uliowekwa. Matokeo yake ni kwamba mara nyingi timu hushinda au kushindwa katika saa za yule wa ridhaa, maana wa kulipwa wanakaribiana sana kwa kasi. Wafaransa hawakufanya hivyo kwa huruma. Dereva wa shaba ndiye anayelipa sehemu kubwa ya gharama ya timu, na bila yeye uwanja ungekuwa nusu tupu. Kule wamekiri hivyo waziwazi, wakamweka mtu huyo ndani ya kanuni. Safari Classic nayo huendeshwa kwa fikra hiyo hiyo, ijapokuwa haiiandiki: wageni matajiri wenye Porsche na Escort za kale hulipa ada, na mabingwa wa zamani kama Bjorn Waldegard, aliyeishinda mwaka 2007 na 2011, wamepata mahali pa kuonyesha walichonacho.

Wapo watakaosema kwamba nchi haijengwi kwa hisia za kona moja ya Kasigau. Duru ya dunia huleta wageni, picha za Naivasha na Hell's Gate huonekana duniani kote, hoteli hujaa, na serikali ina haki ya kuweka fedha ya umma panapoonekana. Sina ugomvi na Naivasha. Lakini tazama kilichotokea Safari ilipoondolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002. Kwa miaka 18 viwanda havikuonekana. Waliobaki ni vilabu, Mombasa Motor Club na wenzake, madereva wanaojilipia, na ubingwa wa taifa na wa Afrika, ambamo Carl Tundo aliishinda Safari mara 5. Ni katika mbio hizo ndogo kwamba wasimamizi wa njia waliendelea kujua kufunga barabara, wapima saa wakaendelea kupima, madaktari wakajifunza kumtoa mtu kwenye gari lililopinduka, na vijana wakajua kusoma maelezo ya njia kwa sauti huku gari likirukaruka. Mwaka 2021 ulipofika, dunia ilikuta nchi yenye watu wanaojua kazi. Kama mbio za ridhaa zingekufa mwaka 2003, hakuna bajeti ambayo ingewapata watu hao kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo anayesema fedha iende kwa wa kulipwa kwa sababu ndiko inakozaa anasahau ni shamba gani lililotoa mbegu. Sehemu ndogo tu ya kinachotumika Naivasha kwa siku nne ingetosha kuhakikisha duru ya Voi ina gari la wagonjwa la ziada, redio za kutosha na greda baada ya mbio.

Usalama ni jambo gumu zaidi, na ndilo linalostahili kuwanyima waandaaji usingizi. Inasemwa kwamba dereva wa ridhaa ni hatari kwa watazamaji kwa kuwa hulikosea gari lake, na mfano unaotajwa ni Ureno mwaka 1986. Katika mbio za mwaka huo, Joaquim Santos, bingwa wa Ureno, aliliacha Ford RS200 lake liingie katika umati. Watazamaji watatu wakafa na zaidi ya thelathini wakaumia. Lakini ukiichunguza ajali hiyo, sababu haikuwa uridhaa. Gari lilikuwa la kundi la magari yenye nguvu kupita kiasi, ambalo shirikisho lilikuja kulipiga marufuku kuanzia mwaka 1987 baada ya vifo vingine vya dereva Henri Toivonen na msaidizi wake Sergio Cresto kule Corsica, na Toivonen alikuwa wa kulipwa, miongoni mwa bora duniani. Watu walikuwa wamesimama barabarani, wengine wakijaribu kuligusa gari linapopita, na Santos alikuwa akijaribu kuwakwepa. Madereva wa viwanda walijiondoa kwa pamoja, wakasema hawawezi kuendelea katika hali hiyo. Mbio ziliendelea bila wao, na Joaquim Moutinho, Mreno mwenye Renault 5, akashinda. Nakiri kwamba kuendelea kule hakukuwa jambo la kujivunia. Funzo lake kwetu ni kwamba hatari hutokana na nguvu ya gari ikizidishwa kwa mahali mtu aliposimama. Magari ya ridhaa ya Kenya yana nguvu ndogo kuliko ya duru ya dunia, na mahali pa kusimama ni jambo la kupanga: ndani ya kona wala si nje yake, juu ya ukingo wala si chini yake, watoto nyuma ya mstari. Umati unaokaa hadi mwisho ni rahisi kuupanga kuliko umati unaokimbilia pikipiki zake magari yakiwa bado yanakuja, na hilo la mwisho huonekana mara nyingi mno.

Kasigau ina hatari yake ya ziada, nayo ina mikonga. Eneo hili ni njia ya ndovu kati ya Tsavo mbili, na ranchi zake zimo katika mradi wa Kasigau wa kuhifadhi misitu ili kuuza hewa ya ukaa, ulioendeshwa na Wildlife Works na kuwa wa kwanza duniani wa aina yake kuidhinishwa kwa viwango vya kimataifa na kutoa hati za mauzo, mwaka 2011. Wanyama wamekwisha kuamua mbio za Safari zaidi ya mara moja: mwaka 1963 Erik Carlsson wa Sweden alikuwa akiongoza na Saab yake alipogonga mhanga, safari yake ikaishia hapo. Mhanga ni mnyama wa kimo cha mbwa. Timu za viwanda zilipata helikopta za kuangalia mbele. Dereva wa ridhaa hana helikopta, na hapo hoja yangu inapata kikomo chake. Sitetei kupitisha magari ishirini usiku kwenye njia ya ndovu. Mikondo ya mbio iliyo mifupi na ya mchana, njia iliyofungwa, askari wa wanyamapori wakiikagua asubuhi, na mamlaka ya kuufuta mkondo dakika ya mwisho bila kubembelezana: masharti hayo yakikosekana, mbio zibaki kwenye barabara za mashamba ya mkonge karibu na Voi, ambako ndovu ni wachache na kona si haba. Mtu wa Makwasinyi atalazimika kusafiri, lakini hata hivyo Voi si Naivasha.

Kuna lawama nyingine ambayo husemwa kwa sauti ya chini: hawa mnaowaita watu wa ridhaa ni matajiri. Gari la daraja la Rally2 hugharimu fedha ambazo kijiji kizima hakiwezi kuzikusanya, na hata Mitsubishi Lancer iliyochakaa ikitengenezwa kwa mbio ni anasa. Kijana wa Makwasinyi atazame watu wakicheza na mali zao, kisha arudi kuchunga mbuzi wa babake? Lawama hii ina ukweli, na haiponywi kwa kusema kwamba Joginder Singh alianza na spana mkononi. Lakini angalia ni upande upi wa mchezo ulio na mlango. Timu ya kiwanda inapokuja, huja na mafundi wake, wapishi wake na mahema yake, na mwenyeji hupata kazi ya ulinzi wa lango. Dereva wa ridhaa huja na gari la kuvutwa, mafundi wawili ambao mmoja ni binamu yake, na kifaa kikivunjika Jumamosi jioni huuliza nani Voi ana mashine ya kuchomelea. Fundi wa jua kali aliyewahi kuunganisha mkono wa gurudumu wa gari la mbio usiku, likamaliza kesho yake, ameingia katika mchezo kupitia kazi yake, na mwaka ujao atatafutwa. Njia hiyo ni nyembamba, nakubali. Ile nyingine haipo kabisa.

Yanayodaiwa kwa waandaaji wa duru kama ya Voi, basi, si makubwa. Orodha ya magari na saa za kupita ibandikwe kwa Kiswahili kwenye ofisi ya chifu, dukani na kanisani siku kadhaa kabla, ikimtaja kila dereva na gari lake hadi la mwisho. Leo mtazamaji wa mbali huwa na jina moja au mawili tu kichwani, na hawezi kumngoja asiyemjua. Penye kila eneo la watazamaji awepo mtu mwenye kipaza sauti na muda wa kila gari, autangaze linapopita, ili anayeona tofauti kwa macho aisikie pia kwa sekunde. Ada kidogo ilipwe kwa kijiji kinachofungiwa barabara, na ilipwe hadharani katika baraza. Na pale mkondo unaporudiwa, mpangilio ugeuzwe: Jumamosi waanze wenye kasi kama kawaida, Jumapili waanze wa mwisho, mabingwa wafunge. Aliyekuja kumwona bingwa atalazimika kuwaona wote. Wapo watakaosema gari la haraka litalifikia la polepole ndani ya vumbi, na kweli hiyo ni hatari. Dawa yake ni kuongeza nafasi kati ya gari na gari kwa dakika moja au mbili, jambo ambalo kwa magari 25 litawagharimu wasimamizi wa njia chini ya saa moja zaidi juani, na soda ya ziada.